M3 ni moto, lakini mimi nachukua 190E

Sawa wasee, nitukaneni mapema tuendelee. Mkiniwekea BMW M3 ya E30 na Mercedes 190E 2.3-16 hapa mbele, funguo nachukua za Mercedes.

Heshima ya M3 naijua. Ilitoka 1986 kwa sababu BMW ilitaka kushindana, na sheria za Group A zilidai gari 5,000 za barabarani kwanza. Milango miwili, mafenda mapana, nguvu za farasi kama 200. Hiyo ni gari ya mbio iliyopigwa namba pleti.

Lakini 190E nayo? Milango minne, sura ya gari ya meneja wa benki, halafu silinda hedi imechorwa na Cosworth ya Uingereza. Mei 1984 kule Nürburgring, madereva wakubwa walipewa 190E zinazofanana washindane. Kijana anaitwa Ayrton Senna akashinda, Niki Lauda akawa wa pili. Gari ni moja, tofauti ni mguu tu.

Shida yangu na M3 ni bei. Imepanda hadi wenye nazo wanaogopa kuzitoa nje. Gari ikifungiwa gereji miaka kumi, si hiyo sasa ni picha ya ukutani? 190E bado iko chini, unaitoa Jumapili bila presha.

Na sisi wa usukani wa kulia, M3 hiyo haikuwahi kutoka kiwandani hivyo. 190E ilitoka.

Wewe ungechukua gani? Na usiniambie zote mbili.