Mnunuzi akishapata anwani yako, salio lako si siri tena

Mfanyabiashara wa nafaka anayevusha mzigo Namanga hamwonyeshi mnunuzi salio lake la benki kabla ya kupatana bei. Anayepokea malipo kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, anafanya hivyo hivyo kila siku, mara nyingi bila kujua. Anatuma anwani ya pochi yake kwa WhatsApp. Mnunuzi anainakili, anaibandika kwenye tovuti ya kukagua miamala, na papo hapo anaona kiasi kilichomo, fedha zote zilizowahi kuingia, zilitoka saa ngapi na zilikwenda anwani ipi. Hahitaji nywila wala kibali. Daftari la miamala hiyo liko wazi kwa dunia nzima, ndivyo lilivyojengwa.

Majina hayamo daftarini, na watetezi wa sarafu hizi hawachoki kutukumbusha hilo. Lakini mnunuzi anakujua kwa jina, kwa stoo yako, na sasa kwa anwani yako. Akiona jana umepokea malipo makubwa, hatakuamini ukimwambia mtaji umebana. Akiona pochi imekauka, anajua una haraka ya kuuza, na bei itashuka. Akiona kila wiki unalipa anwani ileile, hatachukua muda mrefu kukisia ni ya nani, kisha atamfuata msambazaji wako mwenyewe.

Mjadala wa faragha katika sarafu za kidijitali huelekezwa kwa serikali: nani anakwepa kodi, nani anatakatisha fedha. Kwa mama anayelala Busia akisubiri lori lipite forodhani, wa kuogopwa wako karibu zaidi: mshindani, dalali, na kijana aliyejua kwamba usiku huu simu yake imebeba dola 4,000. Pochi inayomfaa ingepaswa kubuniwa kwa kuanzia hapo.

Upande wa Bitcoin dawa ipo siku nyingi. Tangu 2012 kuna utaratibu unaoruhusu ufunguo mmoja kuzalisha anwani zisizo na idadi, na tangu 2013 ufunguo huo unaweza kuandikwa karatasini kwa maneno 12 au 24. Kila mteja anapewa anwani yake, na wewe unatunza karatasi moja tu. Pochi nyingi hutoa anwani mpya zenyewe bila kuombwa. Kasoro inajitokeza wakati wa kulipa: ukichanganya fedha za anwani tatu katika malipo mamoja, umeitangazia dunia kuwa zote tatu ni zako. Pochi chache humruhusu mtumiaji kuchagua, na zinazoruhusu humfungulia ukurasa wa takwimu unaomfaa fundi. Swali moja la kawaida lingetosha: malipo haya yatoke kwenye fedha za mteja yupi?

Kwa USDT inayopita kwenye mtandao wa Tron, mambo ni magumu zaidi. Kwa kawaida ada ya kutuma hulipwa kwa sarafu nyingine, TRX, na kila anwani huhitaji TRX yake. Gawa fedha zako katika anwani kumi, na unapaswa kuzilisha zote kumi. Ndiyo maana watu hubaki na moja. Hapo urahisi unakula faragha, na kumlaumu mtumiaji si haki. Baadhi ya pochi zimeanza kukata ada kwa USDT yenyewe, na naona hatua hiyo ndogo ina faida kuliko mahubiri yote ya usalama.

Anwani ndefu nazo zimezaa wizi wake. Mwizi hutengeneza anwani inayofanana na ya mtu unayemlipa mara kwa mara, herufi za mwanzo na za mwisho, kisha anakutumia senti chache ili iingie kwenye orodha yako. Siku ukinakili kutoka kwenye orodha, umemlipa yeye. Mei 2024 mtu mmoja alipoteza mali ya dola zipatazo milioni 68 kwa njia hiyo, ingawa sehemu kubwa ilirudishwa baadaye. Pochi inayohifadhi wateja kwa majina, kama kitabu cha namba za simu, ingempunguzia mtu hatari hiyo.

Zipo sarafu zinazoficha kila kitu tangu mwanzo, kama Monero, lakini Binance iliiondoa sokoni kwake Februari 2024, na sarafu isiyogeuzwa kirahisi kuwa shilingi haimsaidii mwenye duka. Watengenezaji wa pochi nao wameonja joto. Wawili waliounda Samourai, pochi iliyochanganya miamala ya Bitcoin ili isifuatiliwe, walihukumiwa Marekani Novemba 2025, mmoja miaka mitano, mwingine minne.

Kwetu sheria hubadilika ukivuka kizuizi. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali hizi Oktoba 2025, nao sasa wanatakiwa kuwa na leseni. Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda ilizuia kampuni za malipo kuruhusu sarafu hizi kugeuzwa fedha za simu. Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kuwa si malipo halali, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3. Kilichokataliwa kinatozwa kodi! Hivyo pochi ya mfanyabiashara inapaswa pia kumtolea taarifa safi ya miamala yake, ya kumpa mkaguzi anayestahili. Zcash ina ufunguo wa kutazama tu unaofanya kazi hiyo: mwenye fedha anaamua nani aone, na anayeona hawezi kutoa hata senti.

Na wenye simu za kitochi? Machankura, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2022, hutuma Bitcoin kwa menyu ya nyota na reli bila intaneti. Mnunuzi haoni salio lako. Kampuni inaliona, na funguo inazishika yenyewe. Kwa nauli na ushuru wa soko inatosha; mtaji wa lori zima nisingeuweka humo.