Kufu si Nasaba ya Zama za Misafara



Ndugu zangu Waislamu, miezi michache iliyopita mzazi mmoja alinijia baada ya sala ya Ijumaa hapa Tabora. Binti yake ameposwa na kijana mwenye kusali, mwenye kazi ya halali, ambaye mtaa mzima unamsifu kwa adabu. Binti ameridhia. Nikamuuliza, basi kizuizi ni nini? Akainamisha kichwa, akasema: “Sheikh, babu wa babu yake aliletwa.” Hakuhitaji kuongeza neno. Katika mji huu wazee wanajua ni nani alikuja na ni nani aliletwa.

Katika karne ya 19, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, na kuvuka ziwa hadi Manyema. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi, wakibeba pembe za ndovu kwa ujira. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliotekwa na kuuzwa. Wajerumani walitangaza kuwa mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru, na mwaka 1922 Waingereza wakaufuta utumwa Tanganyika. Imepita zaidi ya karne moja, na bado mnyororo ule unalia kwenye vikao vya posa.

Wapo watakaosema kuwa nasaba imetajwa katika vitabu vyetu vya fiqhi. Ni kweli. Wanazuoni wa Kishafii wameihesabu katika mambo ya kufu, ilhali Imam Malik aliiegemeza kufu kwenye dini. Lakini Mashafii hao hao wanasema kuwa kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, wala si sharti la kusihi kwa ndoa. Wakiridhia wote, ndoa inasihi. Basi mzazi anayekataa asiseme kuwa dini imemfunga mikono. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat imeshakata shauri kuwa ubora mbele ya Allah ni kwa ucha Mungu. Naye Mtume (SAW) alimshauri Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama, mwana wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Bibi huyo alisita, kisha akatii, na baadaye akasimulia kheri aliyoipata katika ndoa hiyo.

Kinachotufunga, basi, ni hofu ya baraza. Wengi wetu hatuiamini tena tofauti hii, ila kila mmoja anangoja mwenzake atangulie. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa elimu ya mabinti. Wazee wetu wengi walisita kuwapeleka shule, wakiogopa maneno ya watu, na leo baraza zile zile zinajivunia wajukuu wa kike walio walimu na madaktari.

Sisemi tuache kuwauliza waposaji habari zao. Tuulize sala yake, ukweli wake, madeni yake na mwenendo wake nyumbani. Desturi njema tuitunze. Lakini desturi inayomnyima binti mume mwema, na kumfundisha kijana kuficha jina la babu yake, haina utetezi katika sheria. Matunda yake tunayaona: mabinti wanaozeeka wakingoja, na vijana wanaokimbia kuoana bila walii.

Maimamu tuyaseme haya kwenye mimbari. Nanyi mabibi na mashangazi, ambao neno lenu kwenye posa huwa zito kuliko la baba, litumieni kwa haki.

Yule mzazi ameniruhusu kuandika haya bila kumtaja. Yeye mwenyewe ameshalainika, ila kaka yake mkubwa bado anakataa. Huenda kaka huyo analisoma gazeti hili leo. Namwomba ajiulize atamjibu nini Mola wake siku ambayo, kama Qur’ani inavyotufunza, nasaba hazitafaa kitu.