Kinanda Kinachoimba kwa Magurudumu

Yamkini umewahi kusikia, kanisani au katika santuri, sauti nene ya kinanda cha Hammond. Wengi hudhani kwamba kinachoimba humo ni umeme mtupu. La hasha! Sauti ile huanzia kwenye chuma kinachozunguka.

Mwundaji wake, Laurens Hammond wa Chicago, Marekani, hakuwa mwanamuziki bali mhandisi mwenye kiwanda cha saa za umeme. Mwaka 1935 alianza kuuza kinanda kilichoendeshwa na mota ya aina ile ile iliyosukuma mishale ya saa zake.

Katika aina mashuhuri ya B-3 mna magurudumu madogo 91, yenye meno ukingoni mfano wa giya ya baiskeli. Kando ya kila gurudumu pana sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Jino likikaribia, nguvu ya sumaku huongezeka. Pengo likifika, hupungua. Badiliko hilo huzaa umeme hafifu ndani ya waya, nao hupanda na kushuka kwa kadiri meno yapitavyo. Gurudumu la meno 16 likizunguka mara 27.5 kwa sekunde, hutoa mitetemo 440, yaani ile sauti ya La ambayo wanamuziki hulinganishia ala zao. Mpigaji abonyezapo kibao, umeme huo hupita, hukuzwa, ukatokea kwenye spika. Vishikizo 9 vya kuvuta humwezesha kuchanganya sauti kubwa na ndogo, kama mpishi atiavyo viungo katika mchuzi.

Sasa tuangalie jambo linalotuhusu sisi. Mota ile hufuata mapigo ya umeme unaoilisha. Marekani mapigo hayo ni 60 kwa sekunde. Tanzania na Kenya ni 50. Hivyo kinanda kilichoundwa kwa matumizi ya Marekani kikiunganishwa na umeme wetu huzunguka polepole, na ile La ya 440 hushuka hadi 367 hivi. Transfoma hurekebisha volti tu, mapigo haiyagusi. Kwaya yaweza kukifuata kinanda hicho, lakini tarumbeta ikipiga noti ile ile, ala hizo mbili zitagombana mbele ya waumini.

Vinanda vya Hammond vya magurudumu viliacha kuundwa katikati ya miaka ya 1970, kwa hiyo vinavyouzwa ni vilivyokwisha tumika. Vilikuwapo pia vya mapigo 50, navyo hutufaa bila taabu. Basi, kabla kamati ya kanisa au bendi haijatoa shilingi zilizochangwa kwa jasho la wengi, na isome kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye kinanda. Kikionyesha 60, muuzaji aulizwe kwanza gharama ya kifaa cha kubadili mapigo, ndipo bei izungumzwe.