Miaka Ishirini Katika Kurasa Mbili

Juma hili ukurasa wetu unaliendea jambo linalosumbua watu wengi katika kambi na nyumba zetu, tangu Nsambya na Naguru hadi Mbuya na Bombo. Jambo lenyewe ni uandishi wa wasifu wa kazi, yaani ile CV inayodaiwa katika kila mlango wa ofisi. Wengi hudhani kwamba ugumu wake ni kukosa la kuandika. Kwa mtu aliyelitumikia jeshi au polisi mambo ni kinyume: anayo mengi mno, wala hajui aache lipi.

Hili si jambo dogo. Askari anapovua sare, aghalabu bado anazo nguvu za kufanya kazi, na watoto wake bado wako shuleni wakingoja karo. Kati ya mwaka 1992 na 1995, askari zaidi ya 30,000 wa jeshi letu walirudishwa uraiani, na serikali ikaunda bodi maalumu ya kuwasaidia maveterani waanze maisha mapya. Tangu siku zile wengine wamezidi kustaafu, na kila mmoja hukutana na swali lile lile: "Umefanya kazi gani?" Jibu la miaka ishirini hutakiwa liingie katika kurasa mbili.

Wengi huteremka hadi Barabara ya Nasser, pale mjini Kampala palipojaa mitambo ya kupiga chapa. Huko humpa mpiga chapa habari zao, naye huzitia katika mfano mmoja autumiao kwa wateja wote. Mtu hutoka na karatasi tano au sita: jina la baba na la mama, kabila, dini, shule ya msingi, kila kituo alichohamishiwa, hata mchezo aupendao. Anayepokea maombi hayo ana rundo zima mezani. Ukurasa wa kwanza usipomwambia alitafutalo, mkono wake huenda kwenye bahasha inayofuata, na sifa njema iliyofichwa katika ukurasa wa nne haitaonwa na mtu.

Basi, kabla ya kuandika, na tushike kanuni moja. Kila mstari uulizwe: "Je, unamsaidia huyu anayeajiri aniamini kwa kazi hii?" Ukisaidia, ubaki. Usiposaidia, utoke, hata kama ni wa kweli, na hata kama unaupenda. Wasifu si hadithi ya maisha yako. Ni hoja fupi yenye kuonyesha kwamba kazi fulani unaiweza.

Mfano mzuri watupatia wa kale. Yapata mwaka 1482, Leonardo da Vinci, ambaye leo dunia yamjua zaidi kwa picha zake, alitunga barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Leonardo alijua kwamba mtawala yule alikuwa na mawazo ya vita. Kwa hiyo alitanguliza madaraja mepesi ya kubebeka, mbinu za kuzingira ngome, mizinga na magari ya kivita. Uchoraji aliutaja mwishoni kabisa, kwa maneno machache. Hakudharau sanaa yake, bali alitambua kwamba aandikiwaye ndiye anayepanga lipi liwe la kwanza.

Sasa tuingie katika mambo yenyewe. Juu kabisa liwepo jina lako kamili kama lilivyo katika kitambulisho cha taifa, nambari ya simu inayopatikana, na mahali unapokaa. Chini yake uweke mistari mitatu au minne inayosema wewe ni mtu wa kazi gani, una uzoefu wa miaka mingapi, na unaomba nini. Kisha zifuate kazi ulizofanya, ukianza na ya karibuni na kurudi nyuma. Halafu mafunzo na elimu. Halafu lugha na ujuzi mwingine. Na mwisho wadhamini wawili au watatu.

Katika sehemu ya kazi ndipo watu wetu wanapokwama. Afande huandika cheo, kombania na kituo, akidhani kila mtu ataelewa. Lakini bwana anayeajiri katika kiwanda au hospitali huenda hajakanyaga kambini hata siku moja. Neno "sajini" kwake ni heshima tu. Halimwambii ulifanya nini. Yafaa kila cheo kifasiriwe kwa matendo. Aliyeongoza platuni alisimamia watu wapatao thelathini: aliwapangia zamu, aliwafundisha, aliamua magomvi yao na kutoa ripoti kwa wakubwa. Aliyekuwa mtu wa redio aliweza kupokea na kupeleka habari bila kukosea, usiku na mchana. Askari wa upelelezi katika polisi amezoea kuhoji watu, kuandika maelezo, kutunza vielelezo na kutoa ushahidi mahakamani. Askari wa usalama barabarani anazijua sheria za magari na namna ya kusema na umma wenye hasira.

Tutoe mfano wa kubuni. Koplo mmoja aliyetunza stoo ameandika hivi: "Nilikuwa stoo ya kombania, nikapelekwa Gulu, baadaye Moroto, kisha Mbarara, chini ya makamanda mbalimbali." Maneno haya ni ya kweli, lakini hayamfai msomaji wake. Na aandike badala yake: "Mtunza ghala, 2004 hadi 2011. Nilipokea, niliandika daftarini na kugawa sare, vyakula na vipuri vya magari. Nilihesabu mali kila mwezi na kukabidhi hesabu kwa maandishi." Vituo vitatu vimetoka, na kazi imeingia. Mwenye duka kubwa la jumla akisoma hayo atajua mara moja kwamba huyu ni mtu wa kupewa funguo.

Hapa lipo jambo linalowahusu askari kuliko raia wengine, nalo ni siri. Kuna Sheria ya Siri za Serikali, na kiapo hakivuliwi pamoja na sare. Taja aina ya kazi na miaka yake, lakini usitaje idadi ya kikosi, silaha zilizokuwapo, mipaka ya doria, wala majina ya watoa habari. Aliyehudumu katika kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, ambako majeshi yetu yalianza kwenda mwezi Machi 2007, anaweza kusema hivyo wazi na kutaja miaka yake. Ramani ya ngome aliyoilinda haimhusu mwajiri. Zaidi ya hayo, mwajiri mwenye busara akiona umemwaga siri za wakubwa wako wa jana, atajiuliza utamwaga nini cha kwake kesho.

Ama mambo ya kuacha, ni mengi kuliko tudhanivyo. Kabila, dini na chama havina kazi katika wasifu, ila pale kazi yenyewe inapovihitaji. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya dini, asili, jinsia, maoni ya kisiasa, ulemavu au virusi vya ukimwi. Kwa nini basi ujitangulizie mwenyewe mambo ambayo sheria haitaki yapimwe? Majina ya wazazi, idadi ya watoto na habari za ndoa ziache mpaka ziulizwe. Mwenye cheti cha kidato cha sita au cha chuo hana haja ya kusimulia shule ya msingi. Lakini yule ambaye mtihani wa darasa la saba ndio elimu yake ya juu kabisa, na autaje bila haya, kisha aupe uzoefu wake nafasi kubwa zaidi.

Lugha, kwa upande mwingine, hutupwa bure. Wengi wetu huandika Kiingereza na lugha ya nyumbani, wakakisahau Kiswahili kwa kuwa wamekizoea kama lugha ya gwaride. Kumbe Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Kampuni inayosafirisha mizigo kutoka Mombasa au Dar es Salaam inamhitaji mtu anayeweza kusema na madereva na maofisa wa forodha njia nzima. Wasifu wenyewe huenda ukaandikwa kwa Kiingereza, kama ofisi nyingi za Kampala zinavyotaka, lakini Kiswahili chako kiwemo ndani yake.

Kuacha jambo ni halali. Kubuni jambo ni haramu. Tofauti hii ishikwe sana. Huko huko kwenye mitambo ya kupiga chapa wapo wanaojitia kuuza vyeti. Baraza la Taifa la Mitihani, UNEB, huthibitisha matokeo pale mwajiri anapouliza, na kughushi hati ni kosa la jinai. Njia ya mwongo ni fupi, na anayeikanyaga huweza kupoteza kazi, na uhuru wake pia.

Yuko naye aliyeachishwa kazi kwa kosa, au aliyekaa miaka miwili nyumbani kwa ugonjwa. Huyu ataandika nini? Na aandike miaka aliyofanya kazi kwa usahihi, asiinyooshe ili kuziba pengo. Sababu za kuondoka si lazima ziwe katika wasifu. Lakini awe na jibu la kweli na fupi atakapoulizwa ana kwa ana. Jibu hilo alifikirie akiwa nyumbani, kabla ya siku ya mahojiano.

Tahadhari moja zaidi: wasifu na fomu ni vitu viwili. Anayeomba kazi ya serikali hutakiwa kujaza Fomu ya Utumishi wa Umma Nambari 3. Huko huna uchaguzi wa kuacha: kila kifungu kinachoulizwa kijibiwe, na kijibiwe kweli. Vivyo hivyo kampuni za ulinzi, ambazo husimamiwa na polisi, huweza kudai barua ya mwenyekiti wa LC1 na hati ya mwenendo mwema. Hati hizo ziwe tayari, lakini upeleke nakala. Asili zake zisitoke nyumbani ila kwa kuonyeshwa. Na wadhamini waombwe ruhusa kabla hujawataja, kwa maana maofisa huhamishwa, na simu isiyopokewa haikudhamini.

Nasi hatuwezi kufunga mazungumzo bila kusema na akina mama wa kambini. Dada mmoja atasema, "Mimi sijafanya kazi, nimekuwa mke wa askari tu." Hasha! Aliyetunza vitabu vya chama cha akiba kwa miaka mitano bila shilingi kupotea amefanya kazi ya mhasibu. Aliyeshona sare za shule na kuziuza ameendesha biashara. Kazi isiyo na mshahara ni kazi, mradi uitaje kwa miaka yake, kwa kiasi chake, na kwa mtu anayeweza kuishuhudia.

Swali la mwisho laonekana dogo, lakini moyoni ni zito. Je, yale yaliyoachwa yanakwenda wapi? Mtu aliyelala handakini mwaka mzima huona uchungu kuona mwaka ule umegeuka nusu mstari. Twashauri hivi: fungua jalada nyumbani. Humo andika kila kitu bila kufupisha: nambari yako ya jeshi au polisi, tarehe ya kuandikishwa, kila cheo na siku ulipopewa, kila kozi, kila kituo, kila nishani, pamoja na nakala za vyeti. Kila nafasi ya kazi itakapotangazwa, chota kutoka katika jalada hilo yale tu yanayoihusu, utunge kurasa mbili mpya. Wasifu wa kuomba udereva usiwe ule ule wa kuomba utunza ghala.

Jalada hilo lina faida nyingine, ambayo watu hawapendi kuitaja. Siku baba au mama wa nyumba akiitwa na Mola wake, mjane au mgane na watoto ndio watakaofuatilia kiinua mgongo na pensheni. Tumeona familia zikizunguka ofisi hadi ofisi kwa kukosa nambari moja tu ya utumishi. Mwenzako wa nyumbani na ajue jalada liko wapi, na mtoto mkubwa aweze kulisoma.

Basi jioni moja ya juma hili, redio ikizimwa, kaeni mezani mume, mke na watoto. Mmoja aulize, mwingine akumbuke, na yule mwenye mwandiko mzuri aandike. Mwajiri atapata kurasa zake mbili, na watoto watapata kuijua kazi iliyowalea.