Polima 'Pendakuwili'

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba kemia ya leo. Hebu tukijaribu kwa polima yenye tabia mbili: upande mmoja hupenda maji, wa pili huyakimbia.

Zitiwapo majini kwa wingi wa kutosha, molekuli zake hujipanga zenyewe bila fundi. Pande zinazokimbia maji hujificha ndani, zinazoyapenda huzingira nje. Huzaliwa vitufe vya makumi machache ya nanomita, vinavyokaribia kulingana, maana urefu wa pande hizo ndio huamua ukubwa wa kitufe. Sabuni nayo hubeba mafuta ya sufuria kwa njia iyo hiyo. Mwaka 2007 Korea Kusini iliidhinisha dawa ya saratani, paclitaxel, ambayo haiyeyuki vyema majini, ikiwa imefumbatwa ndani ya vitufe vya namna hii.

Je, kuna lililotushinda hapo? Limebaki jina tu. Kiingereza kiliazima kwa Wagiriki, kikaunga 'pande zote mbili' na 'kupenda'. Baadhi yetu watakimbilia 'ndumilakuwili'. Silikubali, neno hilo lina lawama, na wanasiasa wetu wamekwisha kulimiliki. Napendekeza 'pendakuwili', ambalo mwanafunzi ataling'amua kabla hajafunuliwa kamusi. Mwenye bora zaidi na alilete.