Wazazi wa Ekalakala, Someni Mkataba Kabla ya Kuuza Mbuzi

Ndugu zangu wa Ekalakala, nanyi wa Masinga na Yatta nzima, leo sina utani. Kuna tabia imeingia kwetu ambayo nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki dhambi.

Akija ajenti kutoka Nairobi, simu mbili mkononi, akasema anatafuta wasichana wa kwenda kufanya kazi Saudia, kijiji kizima hupigwa bumbuazi. Mbuzi wanafunguliwa kamba na kupelekwa sokoni. Ndengu zilizokuwa zikingoja bei nzuri zinauzwa kwa hasara. Chama cha akina mama kinakopwa hadi senti ya mwisho. Kisha fedha zote hizo zinatumwa kwa M-Pesa kwa mtu ambaye hakuna ajuaye kwao ni wapi!

Sasa niambieni. Kijana akitaka kumwoa binti yenu mnamfanyaje? Mnauliza ukoo wake. Mnapeleleza kama kwao kuna walevi. Mnatuma shangazi akalione boma. Na mpaka mbuzi wa ntheo, wale wa mila yetu ya Kikamba, wafike, hakuna mzee atakayekubali kwamba hiyo ni ndoa. Huyo ni kijana wa Matuu au Kithyoko tu, ambaye akimwonea binti yenu, binti atapanda matatu na jioni awe kwenu. Lakini ajenti anayemvusha binti huyo huyo bahari, akakae miaka miwili nyumbani kwa watu msiowajua, hamumwulizi hata jina la baba yake. Tena huyu haleti mbuzi. Anaondoka na wenu.

Nimeshuhudia mkataba wa namna hiyo ukitiwa sahihi hotelini. Karatasi zimebanwa kwa pini, upande mmoja Kiarabu, upande wa pili Kiingereza. Ajenti ameufunika ukurasa kwa kiganja, ameacha wazi mstari wa chini peke yake, anaelekeza kwa kidole: "Hapa. Na hapa." Msichana akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri wa shule, mama akamshukuru Mungu, na chai ya ajenti akailipa mama.

Kuuliza si ujinga, jamani! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nchi za nje uthibitishwe na afisa wa kazi, naye haruhusiwi kuuidhinisha mpaka aridhike kwamba mfanyakazi ameuelewa na amekubali bila hila wala shuruti. Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ina orodha ya mawakala wenye leseni. Wangapi kati yenu wamewahi kuuliza kama jina la ajenti wao limo? Mwaka 2014 Serikali ilifuta leseni za mawakala 930 kwa mpigo na kupiga marufuku safari za kwenda kufanya kazi Mashariki ya Kati, marufuku ambayo haikuondolewa hadi 2017. Mlidhani wale waliofutwa waligeuka wakulima wa mbaazi?

Najua mtanijibu kwamba mvua hainyeshi, karo inadaiwa, na mkono mtupu haulambwi. Kweli. Sijasema watu wasiende. Wapo waliokwenda wakajenga, wakasomesha wadogo zao, na Mungu awabariki. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Serikali nayo inahimiza: Waziri wa Kazi Alfred Mutua, ambaye sisi wa Machakos tulimjua kama gavana wetu wa kwanza, ameinadi kampeni ya Kazi Majuu kaunti kwa kaunti. Lakini penye mavuno mengi ndipo wezi hujipenyeza. Nchi yetu ilipotia sahihi makubaliano na Ujerumani Septemba 2024, uvumi ulienea kwamba nafasi 250,000 zinatungoja, mpaka Wajerumani wenyewe wakakanusha idadi hiyo. Mwenye kuuza ndoto hakosi mteja.

Na tamaa mbele, mauti nyuma. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliiambia kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia katika muda wa takriban miaka miwili, na vifo vingi vilielezwa kuwa ni moyo kusimama. Wasichana wenye nguvu za kubeba mtungi kutoka mtoni, mioyo yao isimame kwa pamoja? Mwaka huo huo Saudia ililegeza utaratibu wa kafala uliokuwa ukimfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, lakini watumishi wa nyumbani wakaachwa nje ya nafuu hiyo. Haya mnayajua. Mmechanga wenyewe katika harambee za kurudisha maiti.

Wala msiniambie sisi ni watu wa kuonewa tu. Sisi ni wajukuu wa watu walioandamana na kiongozi wao Muindi Mbingu mwaka 1938, wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi kudai ng'ombe walionyang'anywa na mkoloni, wakapiga kambi Kariokor wiki baada ya wiki. Mbingu alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini ng'ombe walirudishwa. Hiyo ilikuwa mifugo. Leo binti ananyang'anywa pasipoti na mshahara, nasi hatufiki hata ofisi ya kazi Machakos mjini!

Tena kuna jambo siwezi kulimeza. Binti anaosha sakafu usiku wa manane, anatuma fedha za kujenga nyumba ya mama, na kaka zake wanazipokea hapa. Msingi ulichimbwa, mvua ikaujaza tope, na mawe yakaota nyasi. Fedha ziko wapi? Ziko kwenye meza ya pool na kwenye chupa. Mwisho wa mwezi ndio hao wanaompigia simu wakilia kwamba simenti imepanda bei. Enyi vijana, ndugu zake Yusufu walimuuza mara moja tu. Nyinyi mnamuuza dada yenu kila mshahara ukiingia.

Basi, usia wangu ni huu. Wachungaji na mapadre, asipande mtu madhabahuni kutangaza kazi za ng'ambo kabla hamjaiona leseni yake. Machifu, liwekeni jambo hili katika baraza. Wazazi, uleteni mkataba kwa mwalimu wa shule ausome kwa sauti, neno kwa neno: mwajiri ni nani, mshahara ni kiasi gani, tikiti analipa nani, siku ya kupumzika ni ipi, na likitokea la kutokea, apigiwe nani simu. Ajenti wa kweli atangoja usomwe mpaka mwisho. Akisema ndege inaondoka kesho na hakuna muda wa kusoma, mwacheni apande yeye.