Mvunaji wa Bangi na Dhima ya Majuma ya Mwisho

Katika milima ya kaskazini ya California, penye wilaya za Humboldt, Mendocino na Trinity, kilimo cha bangi kilichofichwa misituni kwa miaka mingi kilitokea hadharani baada ya wapiga kura wa jimbo hilo kukihalalisha mwezi Novemba 2016. Na tangu hapo swali linalomkabili mkulima si tena namna ya kuwakwepa askari, bali ni lile swali la kale la kila mwenye shamba, yaani avune lini, na wadudu awafanyeje. Tanzania na Kenya zingali zinauharamisha mmea huo kwa sheria kali, wala sikusudii kuitetea au kuipinga sheria hiyo hapa. Lakini maadamu jirani zetu Malawi mwaka 2020 na Rwanda mwaka 2021 waliruhusu ulimwe kwa ajili ya dawa, yatupasa kuwatazama waliotutangulia, tupate kujua hatari iliko. Kwa rai yangu hatari kubwa imo katika majuma matatu au manne ya mwisho, wakati mkulima na ua lake wako peke yao, na hapana ashuhudiaye atendalo.

Bangi hufuata urefu wa usiku. Jua la huko likishapita kilele chake cha Juni, usiku ukaanza kurefuka, mmea hupunguza kukua kwa kimo na kushika kutoa maua, nayo aghalabu hukomaa baina ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Oktoba. Lakini mwenye kuvuna kwa kalenda peke yake hubahatisha. Wengi hutazama nywele nyeupe za ua jike, ambazo hugeuka rangi ya kutu na kujikunja, ilhali ishara hiyo hudanganya, kwa kuwa joto kali, upepo na hata kushikwashikwa huzikausha nywele kabla ya wakati wake. Ishara ya kutegemewa ni vitone vya utomvu vilivyosimama juu ya vijiti vyembamba mno, ambavyo hubainika kwa kioo cha kukuzia mara 30 hadi 60. Vikiwa bado vyangavu, ua ni changa. Vikiwa vyeupe vya maziwa, kemikali ya kulevya iitwayo THC imekaribia ukomo wake. Vikianza kushika rangi ya kaharabu, THC imeanza kuchakaa na kugeuka CBN, kemikali nyingine ambayo nguvu yake ni kidogo. Tena vitazamwe juu ya ua lenyewe, wala si juu ya majani madogo yaliyolizunguka, maana vya majani hutangulia kugeuka na kumharakisha mtu bila ya sababu.

Taabu ni kwamba mwezi wa kukomaa ndio mwezi mvua zianzapo. Ua nene likiloa, kuvu ya kijivu, Botrytis cinerea, huanza ndani karibu na kikonyo, ambako jicho halifiki, na alama yake ya kwanza ni jani moja dogo lililokauka katikati ya ua zima, ambalo ukilivuta hutoka bila ya ukaidi. Aghalabu kuvu hiyo hufunguliwa mlango na viwavi: nondo hutaga mayai, kiwavi hutoboa na kula kwa ndani, akaacha kinyesi chenye unyevu, na uozo ukamfuata. Mmoja wao, Helicoverpa zea, ni wa jamaa moja na funza wa vitumba, anayewatia hasara wakulima wetu wa pamba wa Shinyanga na Mwanza.

Viwavi hao wana dawa, ila kila dawa ina wakati wake. Bakteria waitwao Bacillus thuringiensis humuua kiwavi aliyewala, nao hupulizwa jioni kwa sababu jua huwaharibu, tena viwavi wakiwa wadogo na maua yangali machanga. Pareto ilimwayo Iringa, Mbeya na Nakuru huua upesi na juani huchakaa upesi. Lakini hata hiyo singependa ipulizwe juu ya ua lililokwisha kunata, kwa kuwa utomvu hukamata kila kiliangukiacho, na ua la bangi halioshwi kama embe, bali huchomwa moto na moshi wake ukavutwa hadi ndani ya mapafu. Kwa mfano, dawa ya ukungu iitwayo maiklobutanili hutumika katika mizabibu, nayo ikipata moto mkali hutoa gesi ya sianidi ya hidrojeni. Na dawa hiyo hiyo ndiyo iliyokutwa Kanada miaka ya 2016 na 2017 katika bangi ya matibabu ya wakulima wenye leseni, hata wagonjwa waliokwisha kuinunua wakaombwa wairudishe. Nayafikiria mapafu ya wagonjwa hao kila nisikiapo mtu akisema kwamba leseni yatosha.

Kwa hiyo nasema bayana kwamba mkulima aliyeona viwavi au uozo majuma mawili kabla ya ukomavu kamili hana tadbiri njema zaidi ya kisu. Aondoe sehemu iliyooza pamoja na kipande kizima kilicho karibu nayo, avune kwanza maua ya juu, ambayo ni manene na hutangulia kukomaa, ayaache ya chini yangoje jua la siku chache, na akubali kupoteza sehemu ya nguvu na ya uzito. Najua ni jambo zito kwa mtu mwenye deni, hasa huko California ambako bei ya jumla ilianguka vibaya tangu mwaka 2021. Lakini hasara hiyo ni yake, naye aweza kuihesabu, ilhali sumu humfikia mtu asiyemjua, asiyeiona na asiyekuwa na namna ya kuikataa.

Wala tusitegemee insafu peke yake. California tangu mwaka 2018 imeagiza bangi ipimwe viuatilifu 66 kabla ya kuuzwa, lakini iliwaachia wenye kuiuza kuichagua na kuilipa maabara ya kuipima, na mwezi Juni 2024 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha habari za bidhaa za maduka halali zilizokutwa na viuatilifu kupita kadiri. Serikali yoyote ya upande wetu itakayotoa idhini, hata kama ni ya dawa tu, na iyalipe yenyewe maabara ya kupimia, ichukue mizigo ya kupima kutoka madukani bila ya kutoa taarifa, na imlazimishe kila mkulima kuandika katika daftari lililo wazi alipuliza nini, siku gani, na siku ngapi zilipita kabla ya kukata.